Udongo, sahani na damu ni njia moja

Kuko swali moja lenye tunalisikia mara nyingi mu mitaa ya wafanyakazi, toka Lubumbashi mpaka Likasi, toka Likasi mpaka Kolwezi: "Hii mavumbi ya kazi, kiisha kutoka ku mugodi, inaendaka wapi?" Swali ni rahisi. Lakini ukilipeleka ku biro za wakubwa, utatembea mpaka viatu vitoboke. Ku biro ya kilimo watakuambia: sisi tunaangalia mashamba. Ku biro ya biashara: sisi tunaangalia soko. Ku hospitali: sisi tunaangalia mugonjwa. Kila mutu anashika kipande chake, na hakuna hata mumoja mwenye anafuata mavumbi toka mwanzo mpaka mwisho.

Kuko mutu mwenye aliifuata. Ni Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mwalimu wa elimu ya sumu ku Ecole de santé publique ya Université de Lubumbashi, UNILU yetu. Kwa zaidi ya miaka kumi, yeye na wenzake walifuata ile mavumbi mu udongo, mu mboga, mu mukojo wa wakubwa na wa watoto, na mpaka mu damu ya kamba ya kitovu ya watoto wenye walikuwa wanazaliwa. Chenye waliona kinagusa kila nyumba yenye inakula juu ya kazi ya mugodi. Lakini kazi ya namna hii inaandikwa mu Kiingereza, inasomwa kule Ulaya, na familia zenye zilitoa mukojo zinabakia na swali lao. Njo maana leo tunaiandika hapa, mu Swahili.

Chenye mukojo ulisema

Uchunguzi mukubwa wa kwanza ulitoka mwaka wa 2009. Profesa Banza aliufanya pamoja na wenzake wa Ubelgiji: Benoit Nemery, munganga wa magonjwa ya mapafu na ya kazi kule Leuven, Erik Smolders, mwenye elimu ya udongo, Vincent Haufroid, mwenye kupima metali mu mwili, na Thierry De Putter, mwenye elimu ya mawe ku musée ya Tervuren. Muangalie vizuri hii kundi: mutu wa sumu, mutu wa mapafu, mutu wa udongo, mutu wa mawe. Si kila siku unawakuta ku meza moja.

Walipima mukojo wa watu 351, na karibu mumoja kati ya watatu alikuwa mutoto wa chini ya miaka 14. Wakatafuta ndani metali 17. Juu ya nini mukojo? Juu kobalti yenye inaingia mu mwili, sehemu kubwa inatoka na mukojo. Kwa hiyo mukojo unaonyesha chenye mutu alipata siku za karibuni. Hauombi shindano, na mutoto halii. Watu waligawanywa kufuata mahali penye wanalala: wale wa chini ya kilometa 3 na mugodi ao fonderi, wale wa kati ya kilometa 3 na 10, na wale wa mbali zaidi, wenye walitumika kama kipimo cha kulinganisha.

Wale wa karibu walikutwa na kobalti, arseniki, kadimu, risasi na uraniamu mingi kupita wale wa mbali. Juu ya kobalti, kuko kipimo chenye wanganga wa kazi wanatumia ku viwanda: mikrogramu 15 ku gramu moja ya kreatinini ya mukojo. Mufanyakazi akipita pale, mahali pake pa kazi panapashwa kuangaliwa. Sasa, kati ya wale wenye walikuwa wanaishi karibu, 53 ku 100 walikuwa wamekipita. Na kwa watoto ilifika 87 ku 100. Wakati ule watafiti waliandika kama kwa watu wa kawaida, wenye hawafanye kazi ya metali, hapakuwa bado kuonekana kiasi kikubwa vile.

Soma tena ile namba ya watoto. Kipimo kiliwekwa kwa ajili ya mutu mukubwa, mwenye kontra, mwenye mushahara, mwenye anavaa maski, mwenye anarudia nyumbani kiisha masaa nane. Mutoto hana kontra. Hana mushahara wala maski. Na masaa yake ku mavumbi ni masaa makumi mbili na ine, juu anachezea pale, anakula pale, analala pale. Tulikuwa tunajua kama baba anabeba hatari ya kazi. Hatukuwa tunajua kama mutoto naye ameandikwa ku kazi, bila mutu kumuuliza.

Inapita ku kinywa

Kiisha pale swali likabadilika. Kama kobalti iko mu mukojo wa mutoto mwenye hajakanyaga ku mugodi hata siku moja, iliingia na njia gani? Wengi tungejibu: na pua. Mwaka wa 2014 watafiti walitoa jibu lenye linashangaza. Walipima maji, udongo, mavumbi na chakula, wakahesabu kila njia inaingiza kiasi gani. Kwa mutu mukubwa mwenye anaishi karibu, njia kubwa ni sahani: mboga na nafaka zenye zililimwa ku udongo wenye kuchafuka. Kwa mutoto, mavumbi yenyewe inahesabika sana, ile yenye anabeba ku mikono na kuipeleka ku kinywa.

Hapa njo kilimo na munganga wanakutana. Fonderi ya Lubumbashi ilianza kazi mwaka wa 1911, wakati wa Union Minière. Miaka makumi na makumi, moshi ya ile cheminée yenye tunaijua wote ilibebwa na upepo wa kusini-mashariki, ikaanguka upande wa kaskazini-magharibi ya muji. Ku Penga Penga udongo ulibakia wazi kama kichwa chenye kunyolewa. Na metali haiozi. Jani linaoza, mufupa unaoza, lakini shaba na kobalti zinangoja palepale, juu ya udongo, penye mizizi ya lenga-lenga inakula. Fonderi inaweza kuzima moto wake. Chenye ilimwanga hakizimike nayo.

Mboga inapata metali na njia mbili. Ya kwanza ni mavumbi yenye inakaa ku majani. Hiyo unaweza kuiosha. Ya pili ni mizizi yenye inavuta metali toka mu udongo na kuipandisha mu jani. Hiyo haioshwi. Na moto ya jiko haiifukuze, maana metali haiungue. Ni vile vile kwa maji ya kisima: kuyachemusha kunaua microbe, lakini kobalti inabakia mu sufuria.

Ba agronome wa UNILU wamefanya kazi yao pia. Wamepima mboga za majani zenye zinauzishwa ku masoko ya Lubumbashi. Mu mwaka wa 2010, Mylor Shutcha, Michel Mpundu na wenzao walitoa matokeo ya majaribio yao ku udongo wenye shaba mingi: walitia chokaa na mboleo ya kuoza, wakapanda majani ya kwetu yenye ilizoea udongo wa shaba. Chokaa inapunguza uchachu wa udongo, na udongo wenye uchachu kidogo unashikilia shaba na kobalti, hauziachilie ku mizizi kwa urahisi. Kwa arseniki chokaa haisaidie vile, na ni lazima kusema ukweli huo pia. Majani yenyewe haiko ya kulisha mutu wala mbuzi. Kazi yake ni kufunika udongo, mavumbi isiruke tena.

Mu mwili inafanya nini

Kobalti si adui kwa kila kiasi. Iko ndani ya vitamini B12, na bila hiyo vitamini damu haitengenezeki vizuri. Hatari iko ku kiasi, na ku mwili wenye unaipokea. Dunia ilijifunza hii ku Québec, kule Canada, mu miaka ya 1965 na 1966. Watengeneza pombe walitia kobalti kidogo mu biere, juu povu isimame vizuri mu glasi. Wanywaji wakubwa, wengi wao wakiwa wanakula vibaya, walianza kugonjwa moyo, na karibu watu makumi mbili wakakufa. Kobalti ikaondolewa mu biere. Angalia namna mambo ilienda: kitu cha kiwanda kiliingia mu chenye watu wanakunywa, na mwili wenye njaa ya chakula kizuri njo ulianguka wa kwanza.

Kwetu, Kasulo inatosha kwa mufano. Ni mutaa wa Kolwezi. Mu mwaka wa 2014 watu waligundua kama kobalti iko chini ya lupango zao, na mashimo ikaanza kuchimbwa katikati ya nyumba, karibu na jiko, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Profesa Banza na wenzake walienda kupima watu 72 wa Kasulo, wakawalinganisha na watu 25 wa mutaa wa jirani. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018 mu gazeti la Nature Sustainability. Kobalti ilikuwa mingi mu mukojo na mu damu ya watu wa Kasulo, na watoto njo walikuwa na mingi kupita wote. Kwa watoto walikuta pia alama za kuharibika kwa ADN, yale maandiko ya ndani yenye yanaambia mwili namna ya kujijenga. Alama hiyo si ugonjwa bado. Ni ufa wenye unaonekana mbele ya ukuta kuanguka, na wazee walituambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kazi ya baba

Sasa tunafika ku neno lenye ni nzito zaidi, na tunaomba mulisome polepole.

Kati ya mwezi wa tatu 2013 na mwezi wa pili 2015, wanganga na watafiti walifuata watoto wenye walizaliwa Lubumbashi. Waliangalia watoto 138 wenye walizaliwa na kilema, na watoto 108 wenye walizaliwa bila kilema. Waliuliza wazazi juu ya kazi, makao na maisha yao, wakapima metali. Matokeo yalitoka mwaka wa 2020 mu The Lancet Planetary Health. Jambo moja lilisimama wazi: kama baba anafanya kazi yenye inagusa madini, hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilikuwa imepanda, kwa hesabu yao, mara 5.5.

Tusome hiyo namba kama watu wenye akili. Watafiti wenyewe waliiandika na mipaka yake: inaweza kuwa 1.2 tu, inaweza kufika 25. Mipaka ni mipana juu watoto wenye walihesabiwa si wengi sana. Kwa hiyo hatari inaweza kuwa imepanda kidogo ao imepanda sana. Na kupanda kwa hatari hakumaanishe kama kila mutoto wa mufanyakazi atazaliwa na kilema. Watoto wa wachimbaji, sehemu kubwa kabisa, wanazaliwa wazima. Kilema kina sababu nyingi: kurithi, magonjwa ya mama wakati wa mimba, kukosa vitamini za lazima. Kwa namna gani kazi ya baba inafika ku mutoto, uchunguzi huu haukumaliza kueleza. Pengine ni mavumbi yenye inarudia nyumbani ku nguo na viatu. Pengine ni metali yenye inagusa mbegu ya baba mwenyewe.

Lakini tunajua vile inafanyikaka mu nyumba nyingi za kwetu wakati mutoto anazaliwa na kilema. Mama njo anahukumiwa. Wanamuuliza alikula nini, alitembea na nani, ni deni gani ukoo wake haujalipa. Wengine wanafukuzwa na mutoto ku mugongo. Wengine wanaambiwa mutoto ni ndoki. Kwa wale wote wenye wanatoa hukumu hizo, elimu ya UNILU imeleta ushuhuda mwingine, na ushuhuda huo umeelekeza kidole ku mahali pa kazi. Ba mama wanapashwa kujua hii. Na baba naye asigeuke mushitakiwa wa pili. Yeye alienda kutafuta unga. Mutu hawezi kuwa na kosa juu ya sumu yenye hakuna mutu alimuonyesha.

Wale wenye watapinga

Tunasikia tayari maneno. Ya kwanza: "Munataka bafunge mine? Tutakula nini?" Hapana. Gazeti hili linajua kama bila mugodi, sufuria nyingi zitabakia baridi, na hakuna mama mwenye atapika karatasi ya uchunguzi. Lakini kati ya kufunga mugodi na kunyamaza kuko mambo mengi ya kufanya, na tutayasema chini hapa.

Ya pili: "Haya ni maneno ya wazungu, banataka kuangusha bei ya kobalti yetu." Jibu letu ni fupi. Kazi iliongozwa na mwana wa UNILU, ku watu wa kwetu, mu mitaa ya kwetu. Kama mweupe akiitumia vibaya, tutamuambia. Lakini mukojo ni wetu, na watoto ni wetu.

Ya tatu ni ya wakubwa. Kampani inasema: uchafu ni wa zamani, muulize Gécamines. Wengine wanasema: ni ba creuseurs njo banapeleka mavumbi mu mitaa. Ba creuseurs wanasema: ni camions za kampani. Serikali inasema: tutaunda commission. Kila mumoja ana sehemu ya ukweli, na kila mumoja anaitumia kama mulango wa kutokea. Mwili wa mutoto hausome facture. Haba na haba hujaza kibaba: kidogo cha zamani, kidogo cha camion, kidogo cha shimo la mu lupango, na kibaba kinajaa ndani ya mutoto mumoja. Hapa njo somo la Profesa Banza linatufaa zaidi ya namba zake zote. Udongo, sahani na damu ni njia moja. Mwenye anachafua mwanzo wa njia hawezi kusema mwisho haumuhusu.

Chenye tunaomba

Kwanza, majibu yarudie. Kila uchunguzi wenye unachukua mukojo, damu, udongo ao mboga ya watu, utoe karatasi moja mu Swahili, isomwe ku commune, ku kanisa, ku centre de santé na ku radio, mbele ao pamoja na kuchapishwa Ulaya. Hii haiombi mamilioni. Inaomba heshima.

Pili, nguo za kazi zibakie ku kazi. Kampani kubwa iko na njia ya kuweka douche, chumba cha kubadilishia na mashine ya kufua kwa kila mufanyakazi, na kwa wale wa sous-traitance pia, maana mavumbi haijui nani ana kontra ya kampani na nani ana ya sous-traitant. Kwa coopérative za ba creuseurs, bassin ya maji, sabuni na mahali pa kubadilisha nguo ni kitu chenye kinaweza kulipwa ku bei ya magunia machache. Delegué wa sendika mwenye anaenda kuzungumuza juu ya mushahara aweke hii ku karatasi yake. Kama baba anaweza kupeleka mavumbi ku mutoto, basi kufua nguo si kazi ya muke wake. Ni kazi ya kampani.

Tatu, pesa ziko, zifuate njia ya mavumbi. Code minier ya mwaka wa 2018 inasema wazi namna redevance inagawanywa: 50 ku 100 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa commune, secteur ao chefferie yenye mugodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vyenye vinakuja. Kwa kobalti, yenye ilitangazwa kuwa madini ya strategique, redevance ni 10 ku 100. Juu ya hiyo, kampani inapashwa kutoa angalau 0.3 ku 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Tunaona barabara, tunaona majengo yenye rangi, na hatukatai. Lakini bourgmestre mwenye anapokea zile 15 aulizwe: umepima udongo wa mashamba ngapi? Umepeleka chokaa na mboleo kwa ba mama wangapi wenye wanalima mboga? Umechimba kisima kipya cha maji safi kwa kumwangilia? Na mufuko wa vizazi vyenye vinakuja, kizazi chenyewe kinakuja na kobalti mu mukojo. Kazi yake ya kwanza haipashwe kuwa ngumu kuipata.

Ine, UNILU ipate laboratwari yake ya kupima metali. Kwa uchunguzi wenye tumesimulia hapa, vipimo vilibebwa na ndege kwenda Ubelgiji. Muji wenye umetoa shaba zaidi ya miaka mia moja, wenye kampani zake zinapima teneur ya kila gunia la madini palepale, unashindwa kupima mukojo wa mutoto. Mashine za namna ile ziko tayari mu nchi, ku laboratwari za kampani. Lakini zinapima jiwe.

Tano, kipimo kirudiwe. Mitaa ileile, kila kiisha miaka michache, juu tujue kama hali inapanda ao inashuka. Bila hiyo, kila mukubwa atatuambia kama hali imekuwa nzuri, na hatutakuwa na kitu cha kumujibu.

Ku nyumba, tangu leo

Kungoja wakubwa peke yake si akili. Kuko mambo yenye familia inaweza kufanya na mikono yake, na tunayaweka hapa kwa ba mama na ba papa.

Viatu na nguo za kazi zibakie inje ya nyumba, mu mufuko ao mu bassin yao, mbali na kitanda na mbali na jiko. Zifuliwe peke yao, hapana pamoja na nguo za mutoto. Baba aoge na kunawa kichwa mbele ya kubeba mutoto.

Madini isiletwe ku lupango, isioshwe pale, isipondwe pale, isichaguliwe mbele ya mulango. Mama mwenye mimba asikae penye wanaponda ao kuosha madini. Na gunia lenye lilibeba madini lisiwekwe unga, muhindi wala makala, hata kama limefuliwa.

Mbele ya kufagia, mwangilieni maji kidogo, mavumbi isiruke. Mutoto anawe mikono na sabuni mbele ya kula, na kila mara akitoka kucheza. Hii kitu kidogo inaziba njia kubwa ya kobalti kwa mutoto.

Lenga-lenga, sombe, kabichi, majani ya viazi, vyote vioshwe na maji safi mara mbili ao tatu, jani kwa jani. Kama unalima karibu na fonderi, karibu na terril ao karibu na muto wenye unapokea maji ya kiwanda, ni vizuri kutafuta pahali pengine pa mboga za majani, maana jani njo linavuta mingi. Muulizeni mama wa soko mboga zake zinatoka wapi. Si matusi, ni kujua.

Mwisho, chakula kizuri ni kinga pia. Mwili wenye unakosa chuma mu damu unavuta kobalti mingi zaidi toka mu tumbo. Kwa hiyo maharagi, samaki, nyama wakati iko, na dawa ya malaria na ya minyoo kwa wakati wake, zinasaidia mutoto kusimama. Kama ku Québec, mwili wenye unakula vibaya njo unapigwa wa kwanza. Mama mwenye mimba aende ku consultation mapema, apokee vidonge vya chuma na asidi foliki, na aambie munganga bila haya: bwana yangu anafanya kazi ya mugodi. Munganga naye aliandike ku fiche. Neno hilo moja, likiandikwa ku kila fiche ya Katanga, litafanya elimu kuliko mashine nyingi.

Profesa na wenzake walifanya chenye mwalimu wa iniversite anaombwa kufanya: waliuliza swali la watu, wakalifuata mpaka mwisho, wakaandika bila kuongeza wala kupunguza. Sehemu yao wameimaliza. Kampani, jimbo, commune na Kinshasa bado hawajaonyesha yao. Wananchi wa Kasulo, wa Lubumbashi, wa mitaa yote ya karibu na migodi, walitoa mukojo wao, walitoa damu yao, walifungulia watafiti milango ya nyumba zao na kutaja mambo ya uchungu mbele ya wageni. Hawana kingine cha kutoa. Sasa wanangoja kuona nani atakuwa wa kwanza kutoa jibu.